Kuingia Folda si Kuiamini

Swali la zamani limerudi mjini Goma. Tangu Debian 12 itoke Juni 2023, na Ubuntu ya Aprili mwaka huohuo, mtu akiandika pip install kwenye terminali bila maandalizi, mfumo unamkatalia: Python hii inasimamiwa na mfumo wenyewe, usiiguse, tengeneza kwanza mazingira pepe. Kompyuta kuukuu zinazoingia Goma kwa kupitia mpakani sasa zinawekewa matoleo hayo, na anayeanza kujifunza kuandika programu anakutana na mazingira pepe siku ya kwanza, hata kabla hajajua kuandika kitanzi. Malalamiko yanafuata palepale. Kila ukifungua terminali uandike tena source .venv/bin/activate, ukisahau, mradi unasema maktaba haipo wakati uliisakinisha jana. Kwa nini basi terminali isijue yenyewe? Kwa nini nisiingie folda ya kazi mazingira yakawaka, nikitoka yakazima? Zana za kufanya hivyo zipo, nyingine zimepita miaka 10. Mimi ni mmoja wa waliojifunzia kazi hii hapa katika miaka ambayo mfumo haukumkataza mtu chochote, na malalamiko haya yamenirudisha kwenye miaka ile, kwa sababu mambo yaliyotusumbua wakati ule ndiyo yanayoonyesha swali limekaa vibaya mahali gani. Naona hivi: kazi ya kukumbuka inaweza kuachiwa mashine, tena kwa faida. Kazi ya kuamini haiachiwi, na zana nyingi zinazopendwa huzibeba zote mbili kwa pamoja bila kumwambia mtu.

Tuangalie kwanza ni nini kinachowaka, maana wengi wanaongea kana kwamba kuna injini mahali fulani. Mazingira pepe ni folda tu. Ndani yake kuna bin yenye kiungo cha kwenda kwenye Python, kuna mahali pa kuwekea maktaba za mradi huo peke yake, na kuna faili dogo, pyvenv.cfg, linalosema Python mama inakaa wapi. Skripti ya activate inafanya mambo machache sana: inahifadhi PATH ya zamani, yaani orodha ya folda ambamo amri hutafutwa, inaweka bin ya mradi mbele ya njia nyingine zote ili neno python litafutwe humo kwanza, inaandika anwani ya folda katika kigeu kinachoitwa VIRTUAL_ENV, kisha inabadilisha mwanzo wa mstari wa terminali ili jina la mazingira lionekane kati ya mabano. Hayo tu. Tena kuwasha kwenyewe si lazima: ukiandika .venv/bin/python na jina la programu yako, unapata matokeo yaleyale, na nyaraka rasmi za Python zinakubali hivyo. Ian Bicking alitoa virtualenv mwaka 2007, na wazo lake likaingizwa ndani ya Python kwa jina la venv toleo la 3.3 lilipotoka mwaka 2012. Kwa hiyo katika miaka ninayoizungumzia dawa ilikuwepo, tena bure.

Goma wengi waliiweka kando kwa sababu ya mega, yaani megabaiti za intaneti. Intaneti ilinunuliwa kwenye simu, kidogo kidogo, na kompyuta ikapewa kupitia simu hiyohiyo. Maktaba kama numpy na pandas, pamoja na zile zinazozitegemea, ni makumi ya megabaiti, na mtu akisikia kwamba kila mradi uwe na nakala yake anahesabu franka kabla ya kuhesabu faida. Ni kama kuambiwa ununue unga uleule upya kila unapobadilisha sufuria. Hesabu hiyo ilionekana sahihi lakini haikuwa hivyo. Pip huhifadhi ilichokishusha katika folda ya .cache ya mtumiaji, na mradi wa pili ukiomba toleo lilelile, linatoka kwenye diski bila kugusa mega hata moja. Kilichokuwa kinakula mega ni sudo, amri ya kutenda kama root, msimamizi wa mfumo. Desturi ilikuwa kuandika sudo pip install ili maktaba iingie kwenye mfumo mzima mara moja tu, na pip ikiona folda ya akiba ni ya mtumiaji mwingine, si ya root, inaandika onyo kwamba akiba imezimwa, halafu inaendelea kushusha kila kitu upya kutoka mtandaoni. Onyo hilo lilikuwa mstari wa kwanza wa majibu, na mistari mingine ikalisukuma juu likapotea. Njia iliyoaminika kubana mega ndiyo iliyozimwaga. Kipindi kile kinanifundisha jambo la kwanza kuhusu zana za kujiwasha: gharama ya kutojua mashine inafanya nini hailipwi siku ileile, na mara nyingi mtu hulipa akidhani anaokoa.

Sasa upande wa wanaotaka terminali ijiwashie yenyewe, maana wana hoja nzito, na kwa Goma ni nzito kuliko kwa watu wa Paris. Mazingira yaliyowashwa yanaishi ndani ya terminali moja, basi. Umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani, terminali inakufa na kila ilichokumbuka. Ukirudi, unafungua dirisha jipya, mkono unaandika pip install kwa mazoea, na maktaba inaenda kukaa mahali pasipotakiwa. Mtambo wa umeme wa maji wa Matebe, kule Rutshuru, ulizinduliwa Desemba 2015, na mwaka 2020 kampuni ya Nuru ikawasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 hapa mjini. Kabla ya hapo, na hata baada ya hapo katika mitaa mingi, kazi ya kompyuta ilikuwa ni kuanza upya mara kadhaa kwa siku. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba akumbuke tu kuwasha ni kumpa adhabu ya kosa ambalo si lake. Sina la kupinga hapo. Mashine ina kumbukumbu nzuri kuliko mtu aliyetoka kuwasha taa ya kandili, na kama kuna jambo la kuiachia, ni hili.

Shida inaanza kwenye namna inavyofanywa. Njia rahisi kuliko zote, ile inayonakiliwa kutoka kwa mtu hadi mtu, ni mistari michache ndani ya .bashrc, faili la mipangilio ya sheli, inayobadilisha maana ya cd: kila ukiingia folda, sheli inatazama kama kuna .venv/bin/activate, ikilikuta inalisoma kwa source. Inapendeza, inafanya kazi, na mtu anasahau kwamba ipo. Lakini source haisomi tu, inatekeleza. Chochote kilichoandikwa ndani ya faili hilo kinafanyika kwa jina lako na kwa haki zako, hata kama faili halina ruhusa ya kutekelezwa, kwa sababu sheli inalichukua kama maandishi uliyoyaandika wewe mwenyewe. Autoenv ya Kenneth Reitz, moja ya zana za mwanzo zilizojulikana sana kwa kazi hii, ilianza kwa kutekeleza faili la .env la folda yoyote unayoiingia. Ni matoleo ya baadaye yaliyoanza kumuuliza mtu kwanza. Kwa mhandisi mwenye kompyuta yake peke yake, anayepata miradi kutoka kwa wenzake wa ofisi moja, hatari hiyo ni ya nadharia. Kwetu si nadharia, kwa sababu ya flash.

Anayetaka kuelewa kompyuta za Goma afuate flash, siyo waya. Serikali ya Kongo ilipozima intaneti nchi nzima tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, ikairudisha Januari 2019, kwa wiki karibu tatu njia ya kawaida ya kupitisha programu ilikuwa mkononi. Lakini hata intaneti ikiwepo, folda ya mradi inasafiri kwa flash kutoka mtaa wa Himbi hadi wa Ndosho kwa sababu ni bure. Inapitia saibakafe, inapitia kompyuta ya kanisa, inapitia mashine ya kaka wa rafiki, na kila inapopita inaweza kuongezewa kitu. Mtu mwenye sheli inayowasha kila inachokikuta akifanya cd kwenye flash hiyo, amempa ruhusa kila mtu aliyewahi kuishika. Hakuna dirisha la kuuliza, hakuna faili la kubofya mara mbili ambalo angeweza kulitilia shaka. Ameingia tu kuangalia.

Hata pasipo mtu mwenye nia mbaya, flash ilikuwa na fundisho lake, na hili nadhani ndilo lenye maana zaidi. Anwani ya mazingira pepe huandikwa ndani ya activate kwa ukamilifu wake, tangu mzizi wa diski. Nakili folda nzima ya mradi pamoja na .venv yake, ipeleke kwenye kompyuta nyingine yenye jina jingine la mtumiaji, kisha washa. Skripti haitalalamika. Itaweka mbele ya PATH anwani ya folda isiyokuwepo kwenye mashine hiyo, na itaandika jina la mazingira kati ya mabano kwa uzuri uleule. Sheli ikitafuta python kwenye anwani ya kwanza haioni kitu, inaenda ya pili, inaishia kwenye Python ya mfumo. Alama inasema umo ndani. Kwa kweli uko nje. Anayewasha kwa mkono anaweza kuandika which python akaona udanganyifu kwa sekunde moja, na ndiyo amri ya kwanza ambayo mwalimu yeyote wa hapa alipaswa kuifundisha. Anayewashiwa na mashine hana sababu ya kuiandika, kwa kuwa hajui kwamba kuna tukio lolote lililotokea.

Nitaambiwa kwamba haya yalishatatuliwa, na ni kweli kwa sehemu. Direnv, kwa mfano, inafanya kazi kwa adabu. Kila kabla ya mstari mpya wa terminali inatazama kama kuna faili la .envrc katika folda ulipo au zilizo juu yake. Ikilikuta kwa mara ya kwanza inakataa kulitekeleza mpaka uandike direnv allow. Ukilibadilisha hata herufi moja, au akilibadilisha mwingine, ruhusa inafutika na inakuomba upya. Ndiyo maana nikiulizwa nichague moja, naichagua hiyo. Inakumbuka kwa niaba yangu, lakini suala la kuamini inalirudisha kwangu. Na watengenezaji wakubwa wamefika mahali hapohapo, wengine kwa kuchelewa. Mwaka 2021 kihariri cha VS Code kilianza kumuuliza mtu kama anawaamini waandishi wa folda anayoifungua kabla ya kuruhusu chochote ndani yake kijiendeshe. Aprili 2022 Git ikalazimika kukataa hazina za msimbo zinazomilikiwa na mtumiaji mwingine, kwa sababu kwenye kompyuta ya watu wengi ilitosha mtu kuweka folda ya .git mahali pa juu, na terminali ya jirani yake, iliyopambwa ionyeshe hali ya Git kwenye kila mstari, ingesoma mipangilio ile na kutekeleza amri zilizomo. Kwa hiyo anayesema wataalamu wote duniani wameshaachia mashine ijiwashie, aangalie tena wamefanya nini baada ya kuiachia: wamerudi kuweka mlinzi mlangoni.

Ila hata direnv iliundwa ikidhani mtu mmoja ana akaunti moja. Ruhusa zake zinahifadhiwa ndani ya folda ya nyumbani ya mtumiaji. Katika maabara ambapo wanafunzi wote wanaingia kwa jina lilelile na nywila iliyobandikwa ukutani, ruhusa aliyoitoa wa asubuhi inamhusu wa jioni, ambaye hakuulizwa. Tena kuna jambo dogo linalonikera: direnv inatekeleza faili katika Bash ya pembeni na kurudisha vigeu tu, kwa hiyo haiwezi kubadilisha mwanzo wa mstari wa terminali yako. Jina kati ya mabano halionekani. Utaona mara moja, wakati wa kuingia, mstari unaosema VIRTUAL_ENV imeongezwa na PATH imebadilishwa, kisha kimya. Mwenye uzoefu hana haja na zaidi. Anayeanza amenyimwa alama pekee aliyokuwa nayo, hata kama alama hiyo, kama tulivyoona, wakati mwingine hudanganya.

Kisha kuna jaribio lililozidi hayo yote, la kuhama ghafla. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni. Lava ilisimama kwenye ukingo wa mji upande wa Buhene, ikakata barabara ya Rutshuru, nguzo za umeme na mabomba ya maji, na siku tano baadaye mitaa 10 kati ya 18 iliamriwa kuhama. Watu wakaelekea Sake, Rubavu, Bukavu, kila mmoja na alichoweza kubeba. Mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji, umeme na maji vilikatika, intaneti ikapotea kwa siku kadhaa, uwanja wa ndege na benki vikafungwa. Ni aibu kidogo kuzungumzia terminali mbele ya mambo hayo, najua; watu walizika ndugu zao. Lakini aliyekuwa akiishi kwa kuandika programu alilazimika siku moja kuifungua tena kazi yake, mara nyingi kwenye mashine si yake, bila mtandao. Mradi wake ulifufuka kama alikuwa na vitu viwili: orodha ya maktaba na matoleo yake katika requirements.txt, na folda ya maktaba zenyewe zilizoshushwa mapema kwa pip download, ambayo pip install inaweza kuitumia ikiambiwa --no-index na --find-links. Na hata hapo alihitaji kujua kwamba numpy iliyoshushwa kwa ajili ya Python 3.8 haiingii kwenye 3.10. Folda ya .venv aliyoibeba haikumsaidia kitu. Mazingira pepe ni kitu cha kutupwa na kutengenezwa upya, na anayejua hilo ni yule aliyewahi kuyatengeneza na kuyawasha kwa mkono wake mpaka akaelewa yameundwa na nini. Aliyezoea yawake yenyewe anayaona kama sehemu ya folda, kama kuta zilivyo sehemu ya nyumba, anayabeba kwa uaminifu na kufika nayo yamekufa.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa walimu, na ndilo ninaloliheshimu zaidi. Wanasema: darasa lina kompyuta chache na saa chache za umeme, kila amri isiyohusu somo ni muda uliopotea, na mwanafunzi akikwama kwenye activate wiki ya kwanza harudi ya pili. Wanasema kweli kuhusu muda. Ninachokataa ni kwamba dawa ya kusahau ni kuwashiwa. Pip ina kigeu kinachoitwa PIP_REQUIRE_VIRTUALENV. Kiandikwe true mara moja katika .bashrc ya maabara, na kuanzia hapo pip haisakinishi chochote kama hakuna mazingira yaliyowashwa. Mwanafunzi akisahau baada ya umeme kukatika, hakuna kinachoharibika, hakuna mega inayomwagika, anaambiwa tu kwamba amesahau. Amri moja inatosha kumrudisha. Debian 12 imefanya kitu hichohicho kwa watu wote, na ingawa inalaumiwa, naona imefanya vizuri: mashine inayomkatalia mtu inamwachia maarifa yake, inayomfanyia inamchukulia. Atakayefika mahali ambapo activate imekuwa mazoea ya vidole, anayejua kueleza PATH bila kusoma, aweke direnv kwake, kwenye akaunti yake, aokoe sekunde zake. Amekwisha kuzilipia.

Hivi sasa mjadala wenyewe unaanza kupitwa. Februari 2024 ilitoka zana ya uv, na baadaye ikaleta desturi ya kutowasha chochote: unaandika uv run na jina la programu, nayo inatafuta .venv, inaitengeneza kama haipo, inailinganisha na orodha ya maktaba, kisha inaendesha. Ina kasi ya ajabu, na swali la kuwasha linafutika, ambalo ni jambo jema. Kwa Goma kuna sharti moja. Kama mradi unataka toleo la Python ambalo mashine haina, uv inashusha Python nzima yenyewe, makumi ya megabaiti, bila kukuuliza. Kwa hiyo kwenye mashine inayolishwa na simu, kabla ya uv run ya kwanza, weka UV_PYTHON_DOWNLOADS iwe never, na ukiwa na maktaba zote kwenye akiba ongeza --offline; ikikosa kitu itasimama na kukwambia ni nini, nawe utaamua kama ni cha kununulia mega leo au kusubiri flash ya mwenzako.